Kodi ya Fleti na Ubora wa Maisha Mji kwa Mji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu anayefikiria kuhama: amepata kazi mji mwingine, anakwenda masomoni, au kodi ya hapo alipo imemshinda. Msimamo wangu ni mmoja na utauona karibu katika kila jibu. Kodi peke yake haikuambii kama mji ni nafuu. Kinachokuambia ni fedha na muda unaobaki mkononi ukishalipa kodi, bili na nauli.

Nataka kulinganisha miji miwili. Nianzie wapi?

Anza na mshahara baada ya makato, kisha utoe, usijumlishe. Chukua karatasi, igawe mara mbili, kila mji upande wake. Tuseme mji wa kwanza utalipwa 2,400 kwa mwezi, kodi 1,000, umeme, maji na intaneti 120, tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma 80. Zinabaki 1,200. Mji wa pili utalipwa 2,000 na kodi ni 600 tu, ila nyumba za huko hupashwa joto kwa umeme, hivyo bili ni 210. Na kwa kuwa basi halifiki kazini unahitaji gari, yaani mafuta, bima na maegesho, 340. Zinabaki 850. Mji wenye kodi ya chini umekuacha na pungufu ya 350 kila mwezi. Sarafu iwe yoyote, hesabu ni ile ile.

Halafu ongeza mstari wa muda. Ukitumia dakika 25 kwenda kazini mji wa kwanza na saa nzima mji wa pili, tofauti ni dakika 70 kwa siku, kwenda na kurudi. Kwa siku 21 za kazi ni zaidi ya saa 24. Hiyo ni siku nzima, usiku na mchana, ndani ya gari kila mwezi. Watu wengi hawauandiki mstari huu, na ndio unaowaumiza baadaye.

Ni kweli kwamba kodi isizidi asilimia 30 ya kipato?

Kipimo hicho kina historia yake. Mwaka 1969 Marekani ilipitisha sheria iliyoweka kikomo cha kodi katika nyumba za umma kuwa asilimia 25 ya kipato cha mpangaji, na mwaka 1981 kikapandishwa hadi 30. Kilikuwa kigezo cha kuwasaidia wenye kipato kidogo, kikaja kuenea kama kanuni ya kila mtu duniani.

Kinasaidia kama tahadhari, lakini hakifai kulinganishia miji. Mwenye kipato kikubwa akitoa asilimia 40 anaweza kubaki na fedha tele. Mwenye kipato kidogo akitoa 25 anaweza kukosa nauli. Kipimo bora kilitolewa na Center for Neighborhood Technology, shirika la utafiti la Chicago, wanaojumlisha nyumba na usafiri pamoja na kuweka kikomo cha asilimia 45 kwa vyote viwili. Ukikitumia, vitongoji vingi vinavyoonekana vya bei nafuu hupoteza sifa hiyo mara moja, kwa sababu kila mtu mzima ndani ya nyumba anahitaji gari lake.

Mbona watu wanaishi Zurich au Geneva wakati kodi yake inatisha?

Kwa sababu mishahara ya huko nayo ni mikubwa, na usafiri wa umma unamfikisha mtu karibu kila mahali bila gari. Kupanga pia ni maisha ya kawaida: zaidi ya nusu ya kaya za Uswisi ni wapangaji, hakuna anayekuona umeshindwa maisha kwa kutomiliki nyumba.

Ila usiishie kwenye mshahara. Bima ya afya Uswisi ni ya lazima, na ada yake hulipwa na kila mtu, mtoto naye ana yake, nje ya makato ya mshahara. Anayelinganisha Zurich na mji ambao bima hukatwa moja kwa moja kwenye mshahara lazima aiondoe ada hiyo kwanza. Familia ya watu wanne itaihisi.

Orodha za "miji bora ya kuishi" zinaaminika?

Zinaaminika kwa kazi zilizotengenezewa. Orodha ya Economist Intelligence Unit, kitengo cha utafiti cha wachapishaji wa gazeti la The Economist, hupima miji 173 kwa makundi matano: utulivu na usalama asilimia 25, utamaduni na mazingira 25, afya 20, miundombinu 20 na elimu 10. Vienna iliongoza 2022, 2023 na 2024, kisha Copenhagen ikashika nafasi hiyo 2025. Angalia kilichokosekana kwenye makundi hayo: ukali wa maisha. Upatikanaji wa nyumba nzuri umo, lakini kodi unayotakiwa kuilipa haimo. Mji unaweza kuwa juu kabisa kwenye orodha na wewe ukashindwa hata kupanga chumba kimoja.

Orodha ya gharama za maisha ya Mercer, kampuni ya ushauri, nayo hulinganisha miji na New York, na wateja wake ni kampuni zinazopeleka wafanyakazi nje ya nchi. Kapu lake la bidhaa ni la mtu wa namna hiyo. Kama hutalipiwa nyumba na mwajiri, nafasi ya mji kwenye orodha ile haikuhusu sana.

Mimi huzitumia kwa jambo moja: kuona mji unapata alama ndogo wapi. Mji ukishuka kwenye afya au usalama, najua pa kuchimba.

Na tovuti zinazotoa kodi ya wastani?

Zipo za aina mbili. Kuna zile kama Numbeo, ambako watumiaji wenyewe huingiza bei na New York huhesabiwa kuwa 100. Mji mkubwa wenye wachangiaji wengi utapata picha ya kuridhisha. Mji mdogo wenye wachangiaji wachache, picha inayumba. Aina ya pili ni tovuti za matangazo ya nyumba, na hapa kuna jambo la kushika. Bei ya tangazo ni bei ya nyumba zilizo wazi leo, wakati wapangaji waliokaa miaka mingi mara nyingi hulipa kidogo zaidi. Takwimu za serikali huwajumuisha wote. Ndiyo maana unasoma kwamba wastani wa mji ni kiasi fulani, ukifika hukioni popote. Anayehamia aangalie bei za matangazo. Takwimu za serikali zitamwonyesha kodi imekuwa ikipanda kwa kasi gani.

Wastani nao hudanganya. Fleti chache za kifahari huuvuta juu. Tafuta bei ya katikati, ile ambayo nusu ya nyumba ziko chini yake na nusu juu yake. Kama haipo, fungua matangazo 30 ya mtaa unaoutaka, yapange kwa bei, soma la 15 na la 16. Ni kazi ya jioni moja na itakufaa kuliko grafu yoyote.

"Vyumba vitatu" ni vitatu kweli?

Inategemea nchi. Ujerumani fleti ya vyumba vitatu kwa kawaida ni sebule na vyumba viwili vya kulala. Ufaransa utaona T3, nayo ni hivyo hivyo. Marekani na Uingereza huhesabu vyumba vya kulala pekee, kwa hiyo "vitatu" vya huko vina sebule juu yake. Japani utakuta 2LDK: vyumba viwili, pamoja na eneo moja la kukaa, kulia na kupikia.

Ukubwa pia una lugha zake. Mita moja ya mraba ni kama futi za mraba 10.8. Korea Kusini bado wengi huzungumza kwa pyeong, ambayo ni kama mita za mraba 3.3. Japani vyumba hupimwa kwa idadi ya mikeka ya tatami, na katika matangazo mkeka mmoja huhesabiwa kuwa walau mita za mraba 1.62. Badili kila kitu kuwa mita za mraba, kisha gawa kodi kwa mita hizo. Hapo ndipo fleti mbili za nchi mbili zinaposimama mizani moja.

Ufaransa sheria inataka chumba kikuu cha nyumba ya kupangisha kiwe na angalau mita za mraba 9 na dari ya mita 2.20, au ujazo wa mita za ujazo 20. Usidhani kila nchi ina kikomo hicho. Hong Kong kuna watu wengi wanaoishi katika fleti zilizogawanywa vipande vipande, na kodi yao kwa kila mita ya mraba inaweza kuzidi ya fleti nzima ya mtu mwenye uwezo. Hili huniuma kila nikilitazama: maskini ndiye anayenunua nafasi kwa bei ya juu.

Kodi iliyotangazwa imejumuisha nini?

Uliza kabla ya swali lolote jingine. Matangazo ya Ujerumani hutaja Kaltmiete, yaani kodi tupu, na Warmmiete, iliyojumlisha gharama za jengo na kwa kawaida joto la nyumba. Umeme na intaneti mara nyingi vinabaki nje ya zote mbili. Kwingine kodi ni moja na kila bili ni yako, ikiwemo kodi ya halmashauri, yaani ushuru wa serikali ya mtaa. Uingereza mpangaji ndiye anayeilipa kwa kawaida.

Kuna pia hali ya fleti yenyewe. Ujerumani unaweza kukabidhiwa fleti isiyo na jiko, kabati wala sinki, ukuta mtupu na bomba limechomoza. Uholanzi nyumba "tupu" inaweza kukosa hata zulia au mbao za sakafuni na taa. Gharama ya kuijaza igawanye kwa miezi utakayokaa, uiongeze kwenye kodi. Mtu wa mwaka mmoja ataona fleti yenye samani, iliyoonekana ghali, ndiyo nafuu.

Usisahau jengo linavyopoteza joto. Uingereza na Ufaransa hutoa cheti cha matumizi ya nishati chenye herufi A, iliyo bora, hadi G, iliyo mbaya zaidi. England na Wales haziruhusu, isipokuwa kwa msamaha maalumu, kupangisha nyumba iliyo chini ya E, na Ufaransa imezuia mikataba mipya ya nyumba za daraja G tangu 1 Januari 2025. Ukiona fleti mbili za kodi sawa, moja C na nyingine E, hazina kodi sawa.

Nitahitaji kiasi gani siku ya kuingia?

Hapa ndipo wengi hukwama hata kama kodi ya mwezi wanaimudu. Ujerumani amana haiwezi kuzidi kodi tupu ya miezi 3, na sheria inamruhusu mpangaji kuilipa kwa awamu 3. Ufaransa ni mwezi 1 kwa nyumba isiyo na samani na miezi 2 kwa yenye samani. England, tangu Juni 2019, kikomo ni wiki 5 za kodi kwa nyumba nyingi, na mwenye nyumba lazima aihifadhi amana katika mpango unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30.

Tokyo ni habari nyingine. Juu ya amana kuna malipo ya shukrani kwa mwenye nyumba ambayo hayarudi, ada ya dalali, ada ya kampuni ya udhamini, bima ya moto na kodi ya mwezi wa kwanza. Si nyumba zote zinazodai vyote, lakini si ajabu jumla kufika kodi ya miezi 4 au 5. Seoul wana mfumo wa jeonse: unamkabidhi mwenye nyumba fungu kubwa, mara nyingi nusu ya thamani ya nyumba au zaidi, hulipi kodi ya mwezi, na fungu lako linarudi mkataba ukiisha. Ni mzuri akiwa na uwezo wa kulirudisha. Miaka ya karibuni wapangaji wengi, hasa vijana, wamepoteza akiba zao kwa utapeli wa mfumo huu, kwa hiyo usiuingie bila kukagua madeni yaliyowekwa juu ya jengo na bila bima ya amana.

Dalali analipwa na nani?

Ujerumani, tangu Juni 2015, aliyemwita ndiye anayemlipa. Jiji la New York limefuata njia hiyo kuanzia Juni 2025. Kwingine bado ni mzigo wa mpangaji. Isome sheria ya mji husika, kisha uulize kwa maandishi.

Nikikaa mbali na katikati ya mji, nitaokoa?

Fedha ya kodi utaiokoa. Ardhi hushuka bei kadiri unavyoliacha eneo lenye ajira, na kodi huifuata. Swali ni unachotoa badala yake. Wachumi Bruno Frey na Alois Stutzer walipochambua takwimu za kaya za Ujerumani waligundua kwamba wenye safari ndefu za kazini huridhika kidogo zaidi na maisha yao, na kwamba nyumba nafuu au mshahara mzuri havikuwa vikifidia kikamilifu. Mtu hupima nyumba kwa macho siku moja, safari huipima kwa mwili kila siku.

Hata hivyo umbali wa kilomita si kitu. Kituo cha treni kilicho dakika 7 kwa miguu, chenye treni kila dakika 10, kinashinda basi moja kwa saa lililo karibu zaidi. Angalia safari ya mwisho ya usiku na ratiba ya Jumapili. Luxembourg ilifuta nauli ya usafiri wa umma nchi nzima mwaka 2020, na Tallinn iliwaondolea wakazi wake waliosajiliwa tangu 2013. Katika miji ya namna hiyo hesabu ya kukaa mbali hubadilika.

Miji yenye nyumba za umma itanisaidia mimi mgeni?

Si mara moja. Vienna ndiyo mfano unaotajwa kila mahali, na inastahili: tangu miaka ya 1920 jiji limejenga kwa fedha za umma, na leo karibu nusu ya wakazi wanaishi katika nyumba za jiji au zilizopewa ruzuku. Lakini ili upate nyumba ya jiji unatakiwa uwe umeandikishwa kuishi Vienna kwa miaka 2. Faida ya mgeni ni ya pembeni, kwamba wingi wa nyumba hizo unalipunguzia soko lote shinikizo. Singapore karibu asilimia 80 ya wakazi wako katika nyumba zilizojengwa na bodi ya serikali iliyoundwa 1960, nyingi wakizimiliki. Mgeni mwenye kibali anaweza kupanga, kwa muda usiopungua miezi 6. Stockholm kuna foleni rasmi ya jiji, na foleni hiyo ni ya miaka. Anayefika leo hupanga kwa mkono wa pili, yaani kutoka kwa mpangaji mwingine, kwa bei zaidi.

Mji wenye udhibiti wa kodi ni bora kwangu?

Kwa aliye ndani ya nyumba, ndiyo. Kwa anayetafuta, inategemea. Berlin ilifungia kodi Februari 2020. Kodi za nyumba zilizohusika zilishuka, na matangazo ya nyumba hizo yakapungua pia. Aprili 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria hiyo, na wapangaji wengine wakadaiwa tofauti ya nyuma. Paris ina mfumo mwingine tangu 2019: kila mtaa una kodi ya rejea, na mwenye nyumba kwa kawaida haruhusiwi kuizidi kwa zaidi ya asilimia 20. Mpangaji anaweza kuangalia rejea hiyo kabla ya kusaini, na naomba afanye hivyo, kwa sababu sheria haijitekelezi yenyewe.

Ubora wa maisha nitaupimaje mwenyewe?

Chagua mambo matatu au manne yanayogusa siku yako. Mwenye pumu aanze na hewa. Shirika la Afya Duniani, tangu 2021, linapendekeza wastani wa mwaka wa chembe ndogo za PM2.5 usizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo, na miji mingi mikubwa iko juu ya hapo. Tazama inazidi kwa kiasi gani. Anayefanya kazi zamu ya usiku apime kelele za mchana. Mwenye watoto aulize nafasi za chekechea kabla ya bustani, kwa kuwa kukosa nafasi kunaweza kumzuia mzazi mmoja kurudi kazini, na hapo kipato cha kaya kimekatwa nusu.

Usalama usiupime kwa wastani wa mji. Mtaa na mtaa hutofautiana kuliko mji na mji, na hili ni kweli kwa karibu kila kitu kwenye ukurasa huu.

Nikienda kukagua fleti, niangalie nini?

Nenda mara mbili, mara moja ikiwa saa ya watu kutoka kazini. Fungua dirisha la chumba cha kulala, nyamaza dakika 2, kisha lifunge na usikilize tena. Fungua bomba la bafu na la jikoni kwa pamoja uone kama maji yanakatika. Sukuma kabati mbali kidogo na ukuta wa nje, upitishe kiganja nyuma yake: ukuta ukiwa na ubaridi wa majimaji au rangi inabanduka, hapo pana ukungu, na rangi mpya iliyopakwa kwenye kona moja tu ni dalili nyingine. Hesabu soketi. Simama kila chumba ukiwa na simu uone mtandao. Kisha muulize jirani wa mlango wa pili, kwa adabu, kodi yake ilipandishwa lini mara ya mwisho. Jibu lake lina thamani kuliko maelezo yote ya dalali.

Nitamtambuaje tapeli?

Bei iko chini mno kwa mtaa ule, mwenye nyumba yuko "nje ya nchi", funguo zitatumwa kwa posta, na fedha zinatakiwa leo kabla hujaiona nyumba. Ukikuta mawili kati ya hayo, achana nayo. Kama huwezi kusafiri, mtume mtu unayemfahamu, au omba video ya moja kwa moja inayoanzia mlango wa mtaani wenye namba ya jengo.

Nimefanya hesabu na miji miwili imelingana. Nifanyeje?

Tazama kodi zinavyokwenda kwa miaka 3 au 5 iliyopita, na sheria inamruhusu mwenye nyumba kupandisha kiasi gani kwa mwaka. Halafu tazama njia ya kutoka: notisi ni ya mwezi 1 au 3, na ukivunja mkataba kabla ya muda unapoteza nini? Kati ya miji iliyolingana, mimi ningechagua ule unaoniruhusu kubadili mawazo kwa gharama ndogo. Ukifika, panga kwa muda mfupi kwanza, hata kama ni ghali kidogo, mwezi mmoja au miwili, na mkataba mrefu uusaini ukishaifahamu mitaa kwa miguu yako.